Kipepeo wa mdimu hana mkia: ukoo wake tunaujuaje?

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia hivi: "Nyumbani nina mdimu na mstafeli. Kwenye mdimu huja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, hutaga mayai, kisha viwavi wake hunimalizia majani. Kitabu cha binti yangu chasema huyu ni katika vipepeo mkia-mbayuwayu, lakini mkia hana. Kwenye mstafeli hupita mwengine mwenye mikia mirefu myembamba, naye kitabu chasema ni wa ukoo huohuo. Tulipokwenda Shimba Hills, aliyetutembeza alituonyesha wa tatu, wa manjano mpauko mwenye mikia, kisha akatuonyesha mweusi mwenye mabaka meupe asiye na mkia, akasema huyu ndiye mke wa yule. Binti yangu auliza: wataalamu mwajuaje nani ni ndugu wa nani? Au mnakisia tu? Na je, viwavi wale niwaue?"

Hatukisii, dada yangu, na mkia ndio kitu cha mwisho tunachokitazama.

Tuwataje kwanza kwa majina ya kitaalamu, maana tutayahitaji mbele. Yule wa mdimu ni Papilio demodocus, na ni shida kupata ua wa Mombasa wenye mdimu, mlimau au mdanzi ambao hajawahi kuuingia. Wa mstafeli ni wa jenasi (kundi la aina zilizo karibu ndani ya ukoo) iitwayo Graphium, na kwa mikia mirefu uliyoieleza yaelekea ni Graphium antheus. Yule wa Shimba Hills na mkewe ni Papilio dardanus; huyo nitakaa naye kwa muda, kwa sababu habari zake zimewashughulisha watu tangu karne ya kumi na tisa. Wote watatu ni wa ukoo mmoja, Papilionidae, wenye spishi, yaani aina, zaidi ya 550 duniani.

Kuhusu mkia, binti yako ameona sawasawa. Wako wenye nao na wako wasio nao, na wasio nao hawakai upande mmoja wa ukoo. Mkia umepotea katika matawi yaliyo mbalimbali kabisa. Ndani ya jenasi Graphium peke yake, antheus ana mikia mirefu na ndugu yake leonidas hana hata dalili. Ndani ya spishi moja, dardanus, dume anao na jike wa pwani yetu hana. Kitu kinachoweza kuwapo kwa mume na kukosekana kwa mkewe hakiwezi kuwa kipimo cha ukoo.

Mkia hukaa pale unapomfaa mwenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya kazi yao juu ya kipepeo aitwaye Iphiclides podalirius: ndege walipomshambulia, midomo yao ilielekea zaidi kwenye mikia na sehemu ya nyuma ya mabawa, na pale bawa huchanika kwa urahisi. Kipepeo huacha kipande akaenda na roho yake. Lakini yuko kipepeo ambaye kinga yake ni nyingine, ambaye hujifananisha na kipepeo mwenye sumu ili ndege wamwogope. Ikiwa yule mwenye sumu hana mkia, mkia kwa mwigaji unakuwa kama kujitangaza kwamba yeye siye. Graphium leonidas humwiga Tirumala petiverana, kipepeo mweusi wa mabaka ya samawati anayewachukiza ndege. Tirumala hana mkia, na leonidas hana. Mahitaji yaleyale huweza kuzaa sura ileile kwa wasiohusiana, na mahitaji tofauti huweza kuwatenganisha ndugu wa karibu. Siku ya Idi ukisimama nje ya msikiti ukaona wanaume mia wa kanzu nyeupe na kofia, huwezi kusema wote ni wa baba mmoja. Wamevaa kwa ajili ya siku.

Basi kufanana peke yake si ushahidi. Mjerumani mmoja, Willi Hennig, ambaye kazi yake ilikuwa nzi, ndiye aliyeliweka jambo hili wazi katika mwaka 1950, na mpaka leo tunafuata njia yake. Alisema kwamba alama zinazothibitisha udugu ni za namna moja tu: jambo jipya, lililozuka kwa babu fulani, wakalirithi wazao wake, wala halikuwapo kwa waliomtangulia babu huyo. Alama kongwe, ambazo kila mtu anazo, hazitufai. Kwamba kipepeo wako wa mdimu na wa mstafeli wote wana mabawa manne hakutwambii lolote, kwa kuwa nondo, nyuki na kereng'ende pia wanayo manne.

Alama mpya ya ukoo huu unayo hapo kwenye mdimu wako, na nataka binti yako aione kwa macho yake. Atafute kiwavi aliyekwisha kuwa kijani. Wale wadogo ni wa kahawia na weupe, hufanana na kinyesi cha ndege, na hiyo pia ni kinga. Amguse taratibu nyuma ya kichwa kwa kijiti. Kutoka kwenye mkunjo uliopo kati ya kichwa na kifua vitachomoza vipembe viwili laini vilivyounganika shinani, vyenye unyevu, na harufu kali itajaa hewani. Baada ya muda kiwavi atavirudisha ndani. Kiungo hiki huitwa osmeteri, na kazi yake kubwa ni kuwafukuza siafu, chungu na wadudu wengine wanaomjia.

Sasa sikiliza uzito wa jambo hili. Kiwavi wa Graphium kwenye mstafeli anacho kiungo hicho. Kiwavi wa dardanus anacho. Vipepeo wa jenasi Parnassius, wanaoishi kwenye milima ya baridi ya Asia na Ulaya na ambao ukiwaona hutadhani wana uhusiano wowote na hawa wetu, viwavi wao wanacho. Baronia brevicornis wa Meksiko, aliye peke yake katika tawi lake la ukoo, anacho. Nje ya ukoo huu, katika vipepeo vyote vilivyobaki duniani, hakuna kiwavi mwenye osmeteri. Ni kiungo chenye sehemu nyingi: mkunjo, tezi, misuli ya kukirudisha ndani, na kemikali zake. Kudhani kwamba kilizuka mara hamsini, kila mara mahali palepale nyuma ya kichwa, ni kudhani jambo lisilo na sababu. Kilizuka mara moja, kwa babu mmoja, na hawa wote ni wazao wake. Kwenye bawa la mbele la kipepeo mzima iko alama nyingine ya aina hiyo: katika mishipa miwili midogo ya upande wa nyuma wa bawa, ule wa pili hufika ukingoni peke yake, ilhali katika koo nyingine za vipepeo huungana na wa kwanza. Kwa hiyo hata ukiletewa bawa tupu lililookotwa njiani, unaweza kumtambua mwenyewe ni wa ukoo gani.

Hapo tumejibu kwa nini kipepeo asiye na mkia amewekwa pamoja na wenye mikia. Lakini kujua kwamba watu ni wa ukoo mmoja hakukwambii nani ni ndugu wa tumbo moja na nani ni binamu wa mbali, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ngumu na, kwangu mimi, tamu.

Chukua yule mke wa Shimba Hills. Jike wa Papilio dardanus huku pwani mara nyingi ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, sawasawa na kipepeo mwengine aitwaye Amauris niavius, ambaye mwili wake una sumu. Wako majike wengine wa spishi hiyohiyo wenye rangi ya chungwa, wanaomfuata Danaus chrysippus, yule kipepeo wa chungwa anayeonekana kila uwanja wenye magugu hapa Mombasa. Na wako wa sura nyingine tena. Zamani kila sura ilipewa jina lake na kuhesabiwa spishi mbali. Roland Trimen, aliyekuwa Afrika Kusini, ndiye aliyeonyesha, katika andiko lililotolewa 1869, kwamba hao wote ni majike wa dume mmoja wa manjano mwenye mikia. Wapo waliomkatalia. Ubishi ulikwisha pale mayai ya jike mmoja yalipolelewa na kutoa madume wa manjano na majike wa sura tofauti katika uzao uleule.

Binti yako anaweza kumpima mke huyo bila maabara. Amwangalie akitua, amhesabie miguu anayosimamia. Amauris na Danaus ni wa ukoo wa Nymphalidae, na katika ukoo huo miguu miwili ya mbele imedumaa, imekunjwa kifuani, haitumiki kutembelea. Kipepeo husimama kwa minne. Jike wa dardanus husimama kwa sita. Rangi aliyonayo ni ya kujifananisha, lakini miguu yake haikuiga. Ninapofundisha vijana, jambo hili huwaambia waliweke mbele: ndege humhukumu kipepeo kwa rangi anayoiona akiwa mbali, basi rangi ndiyo inayobadilika upesi ikifuata macho ya ndege. Idadi ya miguu, mpangilio wa mishipa ya bawa na umbo la viungo vya uzazi hakuna ndege anayevichagulia chakula, kwa hiyo hivyo hubaki vikihifadhi habari za ukoo.

Katika miaka ya 1950 na 1960, Cyril Clarke, ambaye kazi yake ilikuwa udaktari wa binadamu, na mwenzake Philip Sheppard, waliwazalisha vipepeo hawa huko Liverpool, wakiwachanganya wa kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Wakagundua kwamba sura zote hizi za majike zinatawaliwa na sehemu moja tu katika vinasaba (maagizo ya urithi yaliyomo mwilini), inayorithiwa kama kifurushi kimoja. Utafiti wa baadaye, uliotolewa 2014, uliionyesha sehemu hiyo ilipo: ni pale penye jeni (vipande vya vinasaba) mbili zilizo jirani, invected na engrailed. Mwaka huohuo ilijulikana kwamba Papilio polytes wa Asia, ambaye jike wake naye huiga vipepeo wenye sumu, anatumia jeni nyingine kabisa, iitwayo doublesex. Tazama basi: jenasi moja, tabia moja ya majike kuiga na madume kubaki na sura yao, lakini njia mbili tofauti. Mtu ambaye angewaweka dardanus na polytes pamoja kwa sababu ya tabia hiyo angekuwa amepotea.

Ndugu wa kweli wa dardanus ni wengine. Mwaka 1999 vinasaba vilithibitisha yale ambayo baadhi ya wataalamu walikuwa wakiyasema kwa kutazama maumbile: walio karibu naye ni Papilio phorcas, mwenye rangi ya kijani kibichi, anayeishi misitu ya bara, na Papilio constantinus, wa hudhurungi na manjano, ambaye anapatikana katika misitu yetu ya pwani. Ukimweka phorcas wa kijani kando ya jike mweusi wa Shimba, jicho halikubali. Kisha vuka bahari hadi Madagaska. Kule majike wa dardanus ni wa manjano na wana mikia kama waume zao. Hakuna anayeiga mtu. Wa Ngazija, Papilio humbloti, jamaa yake wa karibu sana, ni vivyo hivyo. Hivyo yaelekea sura ya manjano yenye mkia, kwa dume na kwa jike, ndiyo ya kale, na uigaji wa majike wa bara ni mavazi yaliyokuja baadaye.

Nimetaja vinasaba mara kadhaa, basi nieleze vinasomwaje, maana si uganga. Mguu mmoja mkavu wa kipepeo unatosha, hata wa makumbusho. Husagwa, DNA (kemikali inayobeba vinasaba) hutolewa, kisha kipande kinachotakiwa hunakiliwa mara nyingi sana mpaka kiweze kusomwa. Kipande kinachosomwa mara nyingi zaidi ni cha jeni moja ya mitokondria (vijisehemu vya ndani ya seli vyenye vinasaba vyake vyenyewe), chenye herufi 658. Herufi ni nne tu, A, C, G na T. Unazipanga za spishi zote kwa mistari, mstari chini ya mstari, mpaka kila herufi ikae chini ya mwenzake, ndipo unatafuta mahali palipobadilika. Kanuni ni ileile ya Hennig: badiliko jipya walilonalo wawili na wengine hawana ni dalili kwamba hao wawili walikuwa na babu wao wawili peke yao. Ili ujue lipi ni jipya na lipi ni la kale, huingiza na spishi iliyo nje ya kundi. Aliyonayo yule wa nje huhesabiwa kuwa ya kale.

Kisha kompyuta hutafuta mti, yaani mchoro wa ukoo wenye matawi, unaoeleza mabadiliko yote kwa njia nyepesi zaidi, au ulio na uwezekano mkubwa zaidi kwa hesabu. Na hatuuamini mti mara moja. Huondoa baadhi ya nguzo za herufi na kurudia nyingine kwa bahati nasibu, tukajenga mti upya, mara mia au elfu, tuone tawi fulani linarudi mara ngapi. Tawi linalorudi kila mara tunalitegemea. Linalokuja na kutoweka tunaliandika kwa tahadhari. Tena jeni moja haitoshi. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo inasimulia habari za upande wa kina mama tu, na ikiwa spishi mbili ziliwahi kuchanganya damu zamani, inaweza kukupeleka kwa ukoo ambao si wako. Ndiyo maana kazi yoyote ya maana husoma na jeni za kwenye kiini cha seli, zinazotoka kwa wazazi wote wawili.

Sasa nirudi kwenye mdimu wako, kwa sababu kipepeo huyu tunayemwona kila siku mpaka tukamzoea ana nasaba ya ajabu kuliko wote niliowataja.

Huko India, Uajemi, Uarabuni, Asia ya kusini-mashariki mpaka Australia yuko kipepeo aitwaye Papilio demoleus. Kama una jamaa Muscat, mwambie aangalie ndimu za uani kwake. Atakutumia picha na utadhani ni huyu wako. Rangi nyeusi, madoa ya manjano, hana mkia, viwavi wake wanakula midimu. Kwa jicho, ungesema bila kusita kwamba demodocus wa Afrika na demoleus wa Asia ni pacha, waliotenganishwa na bahari. Lakini Madagaska zipo spishi nyingine tatu za kundi hili, zisizopatikana kokote kwingine: Papilio erithonioides, Papilio grosesmithi na Papilio morondavana. Kundi zima ni spishi tano. Tatu zimejibana kwenye kisiwa kimoja na mbili zimeenea nusu ya dunia.

Mwaka 2004 Evgueni Zakharov na wenzake walitoa uchunguzi wa zote tano. Walilinganisha alama 60 za maumbile pamoja na herufi kama 4,000 za vinasaba, kutoka jeni mbili za mitokondria na mbili za kiini, na wakaweka spishi 11 za nje ya kundi za kulinganishia. Matawi mawili yaliyochipuka mwanzo kabisa katika kundi hili yalikuwa ni grosesmithi na morondavana, wote wa Madagaska, na wote wawili ni adimu. Na wa tatu wa Madagaska, erithonioides, alikuja kukaa pamoja na demodocus wetu. Yaani ndugu wa karibu wa kipepeo wa Kisauni yuko Madagaska. Yule wa Muscat, anayefanana naye hivyo, ni wa tawi jingine.

Fikiri maana yake. Ukisema babu wa kundi alikuwa Afrika bara, itabidi useme wazao wake walivuka kwenda Madagaska tena na tena, kila mara wakafanya spishi mpya, na huku bara lenyewe, lililo kubwa mara nyingi kuliko kisiwa, likabaki na spishi moja tu. Ukisema babu alikuwa Madagaska, kundi likagawanyika kulekule, kisha baadhi ya wazao wakatoka kuja Afrika na kwenda Asia, safari za kuvuka bahari zinapungua na kila kitu kinakaa mahali pake. Watafiti wale walielekea huko, na hesabu yao iliweka mgawanyiko huo katikati ya enzi ya Miosini, zaidi ya miaka milioni 11 iliyopita. Mimi nakubaliana nao. Zingatia pia kwamba Madagaska ilijitenga na Afrika yapata miaka milioni 160 iliyopita, kabla hapajakuwa na kipepeo wa ukoo huu. Hakuna aliyepanda kisiwa kama jahazi; mlango wa Msumbiji, ambao pembamba pake ni kama kilomita 400, ulivukwa kwa mabawa na upepo.

Na mdimu wenyewe? Midimu, michungwa na milimau asili yake ni Asia, ililetwa na watu. Kipepeo alikuwapo hapa kabla yake, akila miti ya porini ya ukoo huohuo wa Rutaceae, kama mjafari. Mdimu ulipofika alikuta harufu anayoijua. Uhusiano huu wa kiwavi na mmea nao ni ushahidi, ingawa wa daraja la pili. Papilio wengi hula ukoo wa mdimu. Graphium hula ukoo wa mstafeli na mtopetope, ndiyo maana wageni wako wawili hawagombei mti. Lakini chakula hubadilika: kule Afrika Kusini demodocus hula hata shamari, mmea usiokuwa na udugu na mdimu, kwa sababu tu mimea hiyo miwili ina baadhi ya kemikali zinazofanana. Kwa hiyo tunauliza kiwavi anakula nini, lakini hatumalizi kesi kwa jibu hilo.

Kuhusu mti mkubwa wa ukoo wote, sitakuchosha. Mwaka 2020 ulitolewa uchunguzi uliosoma jeni 6,621 katika spishi 45 za ukoo huu, zikiwakilisha jenasi zote. Kadirio lake ni kwamba ukoo ulianza yapata miaka milioni 71 iliyopita, ingawa hesabu yenyewe inaruhusu kuanzia milioni 50 mpaka 104, na kwamba matawi mengi ya leo yalichanua baada ya kuangamia dainosaria. Upana huo usikushangaze. Visukuku vya vipepeo, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhika kwenye miamba, ni haba mno, mwili wao ni laini na mabawa ni kama vumbi. Kimoja cha ukoo huu, Praepapilio, kilipatikana kwenye miamba ya Colorado, Marekani, yenye umri wa karibu miaka milioni 48. Kwa visukuku vichache hivyo, kujua nani alitangulia nani ni rahisi kuliko kujua ni lini.

Swali lako la mwisho: viwavi usiwaue. Mdimu mkubwa ulioshika mizizi hurudisha majani yake, na ndege, nyigu na buibui huwapunguza viwavi bila wewe kufanya kazi. Mche mdogo ndio wa kulindwa. Huo uangalie kila asubuhi, viwavi uwachukue kwa mkono, uwahamishie mti mkubwa, na ukiweza ufunike mche kwa chandarua kikuukuu mpaka ukomae. Dawa ya kupuliza itaua na nyuki wanaokuzalishia ndimu.

Na binti yako, kama moyo wake uko huko, aanze na simu. Kila kipepeo ampige picha tatu: mabawa juu, mabawa chini, na miguu akiwa ametua, kisha aandike tarehe, mtaa, na mmea aliokuwepo. Wakati wa likizo mpeleke Gede, penye mradi wa Kipepeo ulioanza 1993, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) nchi za nje. Awaombe wamwonyeshe viwavi wa Graphium na wa dardanus, awaguse nyuma ya kichwa kama alivyomgusa wa mdimu. Msituni kwenyewe, wala Shimba Hills, asikamate kitu bila kibali; picha zinatosha, na akizipeleka iNaturalist, mtandao wa kukusanyia picha za viumbe, pamoja na mahali na tarehe, watafiti wanaochora miti hii watazitumia.